Simu na Jibu la Alama 20

Tumekwisha kuchambua ploti, maudhui na wahusika wa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sasa tuangalie uandishi wa jibu lenyewe, hasa wewe unayeandika ukiwa na simu mkononi.

Mwanafunzi mmoja wa Dallas, mtaa wa hapa mjini Embu, aliniletea jibu alilolichapisha katika saiba. Swali lilikuwa: "Ulevi wa Yona ndio chanzo cha masaibu ya familia yake. Jadili." Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Ila katika hoja ya pili, Bunju alikuwa mwana wa Yona! Wewe uliyesoma tamthilia unajua kuwa Bunju ni mumewe Neema, yaani mkwe wa Yona na Sara. Programu ya akili unde ilikuwa imekisia, tena bila kusita. Nilimpa alama 6. Alinung'unika sana, kwa sababu alikuwa amelipia kila ukurasa.

Mtahini hutuza hoja yenye ithibati. Ukiandika "ulevi huvunja familia" hujasema lolote kuhusu kitabu hiki. Andika hivi: Sara anaugua, na mumewe aliyepaswa kuwa nguzo ni mlevi, mzigo wa kumtunza mama unamwangukia Neema, binti yao. Hapo kuna nani, nini na matokeo yake. Kumbuka pia kuwa "jadili" hukutaka uangalie upande wa pili. Je, ugonjwa wenyewe umeletwa na Yona? Lile jibu la saiba halikuligusa swali hili.

Sikuambii utupe simu. Ninachotaka ubadilishe ni mfuatano.

Anza kwa kalamu, simu ikiwa imezimwa. Karatasi ya 102/3 ina maswali manne ya kujibu kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 37 hivi kwa kila swali, pamoja na muda wa kulisoma. Anayezoea kuchapa hushangaa mkono unapomchoka katika swali la tatu.

Ukimaliza, jirekodi ukilisoma jibu lako kwa sauti, kisha usikilize. Mimi hupenda njia hii kuliko zote, nayo haihitaji bando. Utaisikia sentensi iliyopoteza kiima chake njiani. Sisi wa Embu na Meru tutasikia pia "ngari" na "ndawa" ambazo jicho lilizipita.

Kikagua tahajia usikiamini kupita kiasi. Kwanza, simu iliyowekwa Kiingereza inaweza kugeuza "yake" ikawa "take". Pili, hata kikagua cha Kiswahili hutazama neno moja moja. Ukiandika "Neema anamtafutia mama yake mahari pa kulala", kinaweza kunyamaza, kwa kuwa mahari ni neno sahihi; tatizo ni kwamba umemtafutia mama mali ya posa badala ya mahali. Vivyo hivyo "ulevi yake": kila neno limeendelezwa vizuri, lakini upatanisho umevunjika na alama imekwenda. Hapo fungua kamusi na daftari lako la ngeli.

Akili unde ije mwisho. Usiiambie ikuandikie. Iambie: "Soma jibu langu, uniulize maswali matano ambayo sijayajibu." Kila dai itakaloleta, litafutie ukurasa katika tamthilia. Ukurasa usipopatikana, futa dai hilo. Kama shule yenu hairuhusu simu, mpe rafiki yako kazi hiyo hiyo. Naye hukosea, lakini angalau amekisoma kitabu.

Zoezi
Andika kwa kalamu, kwa dakika 37: "Neema amebeba mzigo usio wake." Jadili kauli hii kwa kurejelea Bembea ya Maisha. (alama 20)
Kisha andika pambizoni, kwa wino mwingine, nambari ya ukurasa wa kila tukio ulilolitaja. Hesabu hoja zilizobaki bila nambari.