Kodi ya Moto na Mafuriko: Jinsi Inavyotozwa katika Jimbo la Victoria

Mtu ambaye nyumba yake haijapata kushika moto huona taabu kulipia gari la zimamoto. Aliyekwisha kuona mapaa ya jirani zake yakiteketea hana ubishi huo; yeye huuliza jambo moja tu, yaani ni nani alipaye, na je, wote hulipa? Somo la juma hili lahusu swali hilo, nasi tutalitazama katika nchi ya Australia, katika Jimbo la Victoria, ambalo mji wake mkuu ni Melbourne.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Februari 2009, moto wa msituni ulilivamia jimbo hilo kwa upepo mkali na joto lisilo la kawaida. Watu 173 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea. Tume ya Kifalme iliwekwa kuchunguza msiba huo, na katika taarifa yake ya mwaka 2010 haikutaja magari na mipira ya maji peke yake, bali ilitaja pia fedha.

Hapo zamani sehemu kubwa ya fedha za zimamoto ilipatikana kwa njia ya bima. Makampuni ya bima yalitakiwa kuchangia vikosi, nayo yakaongeza mchango huo juu ya malipo ya wateja wao. Hebu tufikiri majirani wawili. Mmoja ameiwekea nyumba yake bima, na kila mwaka analipa bima yake pamoja na mchango wa zimamoto. Wa pili hana bima, wala halipi chochote. Moto ukizuka, gari huja mbio kwa wote wawili, kwa maana askari wa zimamoto haulizi hati ya bima langoni. Basi mwenye busara ndiye aliyembeba mwenzake, na kadiri bima ilivyozidi kuwa ghali ndivyo watu wengine walivyozidi kuiacha. Tume ikashauri mpango huo ufutwe.

Tangu tarehe 1 Julai 2013 mchango huo uliondolewa katika bima ukawekwa juu ya ardhi na majengo. Kisha, tangu tarehe 1 Julai 2025, ushuru ule wa moto ulipanuliwa ukawa mfuko wa huduma za dharura na wafanyakazi wa kujitolea. Fedha zake hazikomei kwa zimamoto tena. Husaidia pia vikosi vya kujitolea vinavyookoa watu katika mafuriko na tufani, watumishi wanaopokea simu za kuomba msaada, na kazi ya kuwarudisha watu katika maisha yao baada ya msiba.

Sasa yafaa tufahamu hesabu yake. Ushuru una sehemu mbili. Ya kwanza ni kiasi kimoja kwa wote: katika mwaka wa fedha 2025–26 nyumba ya kukaa ilitozwa dola 136, na mali ya namna nyingine dola 275. Ya pili hufuata thamani ya mali, yaani ardhi pamoja na majengo yaliyo juu yake. (Hapa ni tofauti na desturi ya miaka mingi ya Nairobi, ambako thamani ya ardhi tupu ndiyo iliyohesabiwa.) Nyumba ya kukaa ilitozwa senti 17.3 kwa kila dola 1,000 za thamani. Hivyo nyumba ya dola 700,000 ilitozwa dola 121 na senti 10, na ukijumlisha zile 136 utapata dola 257 na senti 10. Mwaka uliotangulia nyumba hiyo hiyo ingelipa kama dola 193.

Serikali ya Jimbo haimwendei mwenye nyumba yenyewe. Mabaraza ya miji na wilaya, ambayo ni 79, huandika ushuru huu katika hati ile ile ya kodi ya majumba, katika mstari wake peke yake, yakazikusanya fedha na kuzipeleka kwa Serikali. Njia hii haina gharama kubwa, kwa kuwa mabaraza tayari yana daftari za mali zote na thamani zake. Lakini mabaraza mengi yalinung'unika, wala si bila sababu. Mlipaji akasirikapo haendi Melbourne, bali huenda katika ofisi ya baraza lake na kumkaripia karani ambaye hakuitunga sheria hiyo.

Ubishi mkubwa ulitoka kwa wakulima. Shamba huwa na thamani kubwa katika daftari, hata mwaka ambao mvua imekosa na mfukoni hamna kitu. Mpango ulikuwa kuwapandisha kutoka senti 28.7 hadi 71.8 kwa kila dola 1,000. Kwa shamba la dola milioni tatu, sehemu hiyo pekee ingetoka dola 861 ikafika 2,154. Mwezi wa Mei 2025 wakulima na wazima moto wa kujitolea walikusanyika mbele ya Bunge kupinga, na wengi wao walikuwa watu wale wale, maana huko shambani mzima moto ni mkulima aliyeacha trekta lake. Kabla mwezi haujaisha Serikali ilitangaza kwamba, kwa ajili ya ukame, wakulima wangebaki na senti 28.7 kwa mwaka huo wa fedha.

Wenye vitambulisho vya pensheni hupunguziwa dola 50. Wa kujitolea wanaostahili hurudishiwa ushuru wa nyumba yao ya kukaa au wa shamba lao, lakini ni lazima walipe kwanza, kisha waombe warudishiwe, jambo ambalo wengi wao waliliona kuwa zawadi inayotolewa kwa mkono mzito.