Somo la Nyumbani: Muziki na Video za Simu

Masomo: 1 Samweli 16:14-23, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Wafilipi 4:8.

Somo la mwezi huu limeombwa na wazazi wenyewe. Baadhi ya wazazi wa hapa Ilongero wameuliza baada ya ibada: Je, ni dhambi kijana kukaa na simu jioni nzima, akisikiliza muziki wa michezo ya kompyuta na kutazama video? Swali hili si dogo. Katika nyumba nyingi sasa, chakula kikiisha kila mtu hugeukia upande wake, na sala ya jioni hungoja mpaka watu wasinzie.

Kabla ya kujibu yanipasa kuungama kosa langu. Nyumbani ninaye mjukuu wa miaka 15. Kila jioni alikuwa akiziba masikio kwa hedifoni. Siku moja nikamvua, nikasikia sauti nyembamba zikilia mbiombio kama vifaranga waliofungiwa debeni. Nikasema, "Huu ni muziki wa shetani," nikaifungia simu sandukuni. Kwa wiki mbili kijana hakuniambia neno ila shikamoo, na mazoezi ya kwaya hakuja tena. Naye ndiye mwimbaji wetu wa tena anayeweza kusoma nota. Bibi yake ndiye aliyeniambia, "Umekata shauri bila kumsikiliza shahidi." Basi nikaitoa simu, nikaketi karibu naye, nikamwomba anisikilizishe wimbo ule tena.

Yafaa niwaeleze nilichojifunza. Wimbo ule ni wa mchezo uitwao Tetris, uliotungwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Matofali hushuka kutoka juu, na mchezaji huyapanga yasiache nafasi. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani iliutia mchezo huo katika kichezeo chake cha mkononi, Game Boy, pamoja na nyimbo tatu za kuchagua. Mmoja ni wimbo wa zamani wa Warusi juu ya wachuuzi. Mwingine, ambao ndio ule niliouita wa shetani, ni dansi iliyotungwa na Johann Sebastian Bach. Jina lake liliandikwa chini ya video. Huyu ndiye Bach aliyekuwa mwalimu wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750. Nilikuwa nimemfungia sandukuni pamoja na vitenge vya bibi!

Tena kichezeo kile kiliweza kutoa sauti nne tu kwa wakati mmoja. Mbili ziliimba, ya tatu mara nyingi ilishika besi, na ya nne ilikuwa mchakacho tu, ukitumika badala ya ngoma. Wanakwaya wataelewa mara moja ugumu wa kazi hiyo, maana nasi tuna soprano, alto, tena na besi, wala hakuna pa kujificha sauti moja ikikosea. Ndiyo sababu vijana wa leo, waliozaliwa miaka mingi baada ya 1989, bado wanaufurahia muziki huo. Ni mchache, nao husikika wazi.

Je, yafaa Mkristo kupenda tuni iliyotoka mchezoni? Mwaka 1601 Mjerumani mmoja, Hans Leo Hassler, alichapisha wimbo wa mapenzi. Baadaye tuni yake ilipewa maneno juu ya mateso ya Bwana wetu, na Bach akaitumia katika Mateso ya Mathayo, yaliyoimbwa kwanza mwaka 1727. Leo Wakristo wa nchi nyingi huiimba siku ya Ijumaa Kuu. Basi tuni haihukumiwi kwa mlango iliotokea tu.

Lakini hatusemi kwamba kila kitu cha simu ni chema. Video moja ikiisha, mtambo huleta nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Jioni ile tulianza na Bach, na video ya tatu ilikuwa ya watu wakishangilia fedha za kubeti. Sikuichagua mimi, wala mjukuu. Mtoto aliye peke yake chini ya blanketi hana wa kumwambia "hiyo pita." Hapo ndipo Wafilipi 4:8 inapokuwa chekeche letu, nalo chekeche halifanyi kazi likining'inia ukutani.

Angalieni pia habari za Sauli. Daudi alipopiga kinubi, Sauli alitulia. Lakini katika sura ya 18 Daudi anapiga kinubi vilevile, na Sauli anamtupia mkuki. Kwa hiyo tusitazamie muziki peke yake utengeneze nyumba yenye wivu na hasira. Mimi mwenyewe nilitupa mkuki wangu.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 katika Tanzania walikutana kwa vikundi, wakaizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu chao, kisha wakazungumza na kuamua la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu hiyo. Redio ilikuwa moja, masikio mengi, na mazungumzo yalifuata.

Nyumbani kwetu tumeifuata njia hiyo. Jumatano na Jumamosi, baada ya sala, simu huegemezwa ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Kila mtu huchagua kitu kimoja, hata bibi, ambaye huomba kwaya za zamani. Anayechagua hueleza kwa nini amekipenda. Nusu saa ikipita simu huzimwa, maana hata bando ni fedha ya sabuni. Mjukuu ameiandika besi ya ile dansi kwa sol-fa. Hatuiimbi ibadani. Twaitumia mazoezini kuwafundisha vijana kusoma, na mpaka sasa mstari wa tatu unawashinda.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Kumbukumbu la Torati 6 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka. Katika nyumba yako, ni saa ipi kati ya hizo simu imeichukua? Je, waweza kutaja wimbo mmoja anaoupenda mtoto wako? Ukishindwa, umwombe leo jioni akusikilizishe, nawe usiseme neno mpaka wimbo uishe.