Usivue miwani, badilisha bainokula

SWALI: Nina miaka 47, ni mfuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji. Miwani ya kuona mbali nimeanza kuvaa tangu nikiwa kijana. Msimu huu bosi alitugawia bainokula ndogo za 10x25. Wenzangu wanaona vizuri, lakini mimi naona kaduara kadogo tu katikati na pembeni kote giza. Nikivua miwani duara linapanuka, ila pembe za nyati zinakuwa na kivuli hata nizungushe gurudumu namna gani. Je, macho yangu ndiyo yanakufa? Na kama nitanunua ya kwangu, nichukue ipi? – Msomaji, Liwale.

JIBU: Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeeleza dalili vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki. Umesema mambo mawili yanayonitosha kukujibu: duara linapanuka ukivua miwani, na kivuli kwenye pembe hakiondoki kwa gurudumu. La kwanza ni kasoro ya kifaa. La pili ni umbo la jicho lako, ambalo miwani yako imekuwa ikilirekebisha miaka yote.

Nianze na duara. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha nyuma cha bainokula, kile unachokisogeza jichoni, hukusanyika mahali pamoja milimita kadhaa nyuma ya kioo hicho. Mboni ya jicho ikikaa hapo hasa, unaona uwanja wote. Ikibaki nyuma zaidi, kingo zinakatwa, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la kitasa huku amesimama hatua moja kutoka mlangoni. Umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali hapo mwanga unapokusanyika, wauzaji wanauita ai rilifu. Hapa tuuite nafasi ya jicho. Hupimwa kwa milimita, na kwenye karatasi ya maelezo ndiyo namba ambayo wanunuzi wengi huiruka, wakakimbilia kuuliza “inavuta mara ngapi?”

Sasa fikiria miwani yako. Lenzi yake inakaa kama milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na yenyewe ina unene wake. Bainokula nyingi za mfukoni zina nafasi ya jicho ya milimita 10 au zaidi kidogo. Kwa hiyo kabla hujatazama chochote, miwani imeshaimaliza nafasi yote. Wenzako wasio na miwani wanagusisha kifaa usoni na wanaona kila kitu. Wewe si mbovu kuliko wao, umepewa kifaa kisichokuhesabu.

Kabla ya kutumia hela, kagua ukingo wa mpira unaozunguka kioo cha nyuma. Kwenye bainokula nyingine unakunjwa kwenda chini, kwenye nyingine unazungushwa mpaka uzame. Anayevaa miwani anatakiwa aushushe kabisa, na asiyevaa auache juu. Nimeona watu waliohangaika na giza hilo muda mrefu, kumbe ukingo haujawahi kukunjwa. Kwa 10x25 yako hiyo sitarajii muujiza, lakini jaribu.

Ukienda kununua, tafuta nafasi ya jicho isiyopungua milimita 16. Kama fremu yako ni nene au inakaa mbali na uso, panda hadi 18 au zaidi. Ila usiiamini namba ya kwenye boksi peke yake. Aghalabu hupimwa kutoka kwenye kioo, na kioo chenyewe kimezama ndani ya ukingo, hivyo milimita mbili tatu au zaidi zinapotelea humo kabla hazijakufikia.

Pima mwenyewe, ni rahisi. Kunja ukingo wa mpira. Elekeza upande wa mbele wa bainokula kwenye dirisha lenye mwanga, kamwe usielekeze kwenye jua. Shika karatasi nyeupe nyuma ya kioo cha jichoni na uisogeze taratibu kwenda na kurudi. Utaona kiduara cheupe cha mwanga juu ya karatasi. Kuna mahali kinakuwa kidogo kuliko kwingine na kingo zake zinakuwa kali. Simama hapo, upime kwa rula kutoka ukingo wa mpira hadi kwenye karatasi. Hiyo ndiyo nafasi halisi utakayoipata. Ikiwa chini ya milimita 14 hivi, mtu wa miwani ya kawaida atakatwa kingo, hata maelezo ya kiwandani yaseme nini. Halafu vaa miwani yako ileile ya kazini, tazama nje ya duka, uone kama duara la picha lina ukingo mkali pande zote. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwache na bidhaa yake.

Kuna njia nyingine kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika. Baadhi ya kampuni huweka alama ya miwani kwenye maelezo. Na ukikuta Zeiss ya zamani yenye herufi B baada ya namba, mfano 8x30 B, kioo chake cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya wavaa miwani. Bado ipime kwa karatasi.

Nije kwenye swali ambalo wengi hunitumia: kwa nini tusivue miwani tu? Wapo wanaoweza. Kama tatizo lako ni kutoona mbali pekee, au kutoona karibu pekee, gurudumu la bainokula linaweza kulifidia, mradi namba ya miwani isiwe kubwa sana. Tofauti ndogo kati ya jicho la kulia na la kushoto hurekebishwa kwa pete ndogo ambayo kwa kawaida ipo upande wa kulia. Funika lenzi ya mbele ya kulia, sawazisha picha ya jicho la kushoto kwa gurudumu. Kisha funika ya kushoto na usiguse gurudumu tena: zungusha pete peke yake mpaka jicho la kulia lione sawasawa. Anayevaa miwani ya kusomea pekee naye avue, kwa kuwa kupitia bainokula jicho linatazama mbali, halihitaji msaada huo. Mwenye miwani ya sehemu mbili atazame kupitia sehemu ya juu.

Lakini wewe umeniambia kivuli hakiondoki. Hiyo ni dalili ya astigimatizimu, yaani sehemu ya mbele ya jicho haijapinda sawa pande zote, hivyo mistari ya upande mmoja inakaa sawa wakati ya upande mwingine inatawanyika. Gurudumu husogeza picha nzima mbele au nyuma. Haliwezi kurekebisha upande mmoja peke yake. Angalia cheti cha miwani yako kwenye safu ya silinda. Ikiwa ni 0.25 au 0.50, wengi hawaoni tofauti kubwa. Kuanzia 1.00 kwenda juu utaiona, na dawa yake ni kubaki na miwani usoni.

Kwa kazi yako hili si suala la starehe. Kanuni za Tanzania zinataka simba dume anayewindwa awe na umri usiopungua miaka 6, na moja ya vitu vinavyotazamwa ni pua: ya kijana huwa ya waridi, na madoa meusi huongezeka kadiri anavyozeeka. Kwa nyati unatazama kama pembe zimekomaa na kuwa ngumu pale paji la uso. Mtu anayeona kivuli juu ya pembe hawezi kusema kwa uhakika, na mnyama akishaanguka hakuna cha kurekebisha.

Kuhusu namba, mimi ningekushauri 8x42. Gawanya 42 (upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) kwa 8 (ukuzaji) upate milimita 5.25, upana wa mwanga unaoingia jichoni. Ile 10x25 yako inatoa 2.5 tu. Mchana haidhuru, maana mboni yenyewe imejifinya. Alfajiri na magharibi, wanyama wanapotoka, mboni inapanuka na kifaa kidogo kinakuacha gizani. Duara pana la mwanga pia linasamehe jicho likiyumba kidogo nyuma ya miwani, na ukuzaji wa mara 8 hautetemeshi picha kama wa mara 10 baada ya kupanda kilima ukihema. 10x42 si mbaya, lakini nafasi ya jicho mara nyingi hupungua kadiri ukuzaji unavyopanda. Isome kwa makini.

Bainokula ikianguka kwenye gari na baadaye ukapata kichwa kuuma au picha mbili kila ukiitumia, vioo vyake vimepishana. Acha kuitumia mpaka fundi aisawazishe, usiyalazimishe macho yafanye kazi ya fundi. Na ukikaa na bunduki, usichanganye mambo: darubini ya bunduki nafasi yake ya jicho ni kama milimita 75 hadi 100, makusudi, ili bunduki ikirudi nyuma isikupasue nyusi. Kule hatusogezi jicho karibu.

Kitu kimoja nataka ukifanye kabla hata ya kununua. Ukiwa bila bainokula, miwani ikiwa usoni, funika jicho moja na utazame mbele, kisha lingine. Kama giza la pembeni linabaki hata hapo, usilihusishe na kifaa. Presha ya macho huanza kwa kula pembeni bila maumivu, na kinachopotea hakirudi. Umri wako umefika wa kupimwa kila mwaka au miwili, hata kama huoni shida yoyote. Ukiona ghafla miali kama ya radi, vidoti vingi vinavyoelea au pazia linaloshuka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa kwa kuwa namba ya kutoona mbali ikiwa kubwa huongeza hatari ya utando wa ndani ya jicho (retina) kubanduka. Hospitali ya mkoa wakikupima, waombe nakala ya cheti kipya, ukipige picha kwa simu, na uende nacho dukani.