Dawa Itokayo Polepole Ndani ya Jicho

Kwa mgonjwa wa kisukari akaaye Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, swali la jinsi dawa inavyopungua ndani ya jicho si la darasani tu. Ni swali la idadi ya safari. Wataalamu wa retina hupatikana katika hospitali kubwa chache, kama vile KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Makala haya yaeleza kwa nini safari hizo huwa nyingi, na jinsi sayansi inavyojaribu kuzipunguza.

Jicho na ugonjwa wake

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ambao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara ziendazo kwenye ubongo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, vimishipa vya retina hudhurika na kuvuja. Retina ikosapo oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huzidisha uvujaji na kuotesha mishipa mipya iliyo dhaifu.

Dawa ya matone huoshwa na machozi kabla ya kufika huko nyuma. Ile ya kumeza huzuiwa kwa sehemu kubwa na kuta za vimishipa viilindavyo retina. Kwa hiyo daktari hulitia jicho ganzi, kisha huchoma sindano hadi katika ute mzito ulijazao, wenye ujazo upatao mililita 4.

Hesabu ya kupungua

Tuchukue dawa ya ranibizumabu, ambayo huizuia VEGF. Ndani ya ute huo hupungua nusu kila baada ya siku zipatazo 9. Tukianza na miligramu 0.5, baada ya siku 9 hubaki 0.25, siku ya 18, 0.125, siku ya 27, 0.0625. Kuongeza kipimo maradufu hakuongezi muda maradufu, bali siku 9 tu. Ndiyo maana mwanzoni sindano hurudiwa kila mwezi.

Ghala dogo la dawa

Njia nyingine ni kuiacha dawa itoke kidogo kidogo. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha kijiti chenye miligramu 0.7 za deksamethasoni, kilichotengenezwa kwa polima ya asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Maji ya jicho huikata minyororo ya polima, dawa ikatoka kwa miezi kadhaa, na mwishowe polima hugeuka maji na kaboni dioksidi. Mwaka 2021 kiliidhinishwa pia kichupa kidogo kipandikizwacho katika ukuta wa jicho, kijazwacho ranibizumabu kila miezi 6.

Njia hizi zina gharama zake. Deksamethasoni yaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nacho kichupa huhitaji upasuaji, na huongeza hatari ya jicho kuingiwa na vijidudu. Zaidi ya hayo, hakuna ghala liwezalo kufufua seli za retina zilizokwisha kufa. Kwa hiyo mwenye kisukari asingoje giza: na apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Zoezi

1. Tia tone la wino katika gilasi ya maji. Kanda tone jingine ndani ya donge dogo la unga wa ngano, ulitie katika gilasi ya pili. Linganisha rangi ya maji kila baada ya dakika 10, ueleze tofauti.
2. Kwa kutumia hesabu iliyo juu, tafuta kiasi cha dawa kitakachobaki siku ya 45.