Magadi na Ndimu

Kila mama wa Myamba apikaye makande ayajua magadi, kwa kuwa hulainisha mahindi na maharage. Lakini yakidondoshewa maji ya ndimu, mara hutoa povu kwa sauti. Watoto husema, "Yamechemka!" Je, ni kweli? Na tujaribu.

Twaeni bilauri, mtie kijiko kimoja cha magadi yaliyopondwa, kisha mkamulie ndimu mbili. Povu likipanda, shikeni bilauri: haina moto. Basi, hayakuchemka. Povu likitulia, shusheni polepole njiti ya kiberiti iwakayo, isiguse maji. Itazimika. Hivyo twatambua kwamba mle mna hewa nyingine, isiyowasha moto.

Hewa hiyo yaitwa hewa ya ukaa, nayo ni ile ile tuitoayo tupumuapo. Ilikuwa imefungwa ndani ya magadi tangu mwanzo. Ukali wa ndimu, uitwao asidi, huyavunja magadi na kuifungua. Maji huweza kushika hewa kidogo tu. Iliyozidi hujikusanya kuwa mapovu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, hupanda. Ikisha kutoka majini hukaa bilaurini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa tuivutayo. Ndiyo iliyouzima moto. Ndimu ikiisha ukali, au magadi yakiisha, povu hukoma. Chumvi ya kula haitoi povu, kwani haikufungiwa hewa hiyo. Majivu ya maganda ya ndizi hutoa.

Sasa yatupasa kuangalia mambo mawili. La kwanza: msifanye jaribio hili katika chupa iliyozibwa. Hewa itafutayo njia hupasua kioo, na vigae hutoboa macho.

La pili ni kubwa zaidi. Si kila povu lina hewa ya ukaa. Wako wadhanio kwamba dawa mbili za kusafishia zikichanganywa husafisha zaidi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ikichanganywa na siki, ndimu, au dawa kali ya chooni, hutoa klorini, hewa ya sumu iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ubelgiji mwaka 1915. Ukisikia harufu kali ikichoma macho na koo, usikae kutazama povu: toka nje upesi, uwatoe na watoto.

Maswali: Kwa nini njiti ilizimika? Povu likikoma, utajuaje kama ni ndimu iliyokwisha au ni magadi?