Somo la Mpunga Katika Shule Ndogo

Huko Ahero, katika uwanda wa Kano, mradi ulioanzishwa mwaka 1969 huvuta maji ya mto Nyando kwa pampu ili kunywesha mpunga. Basi shule ndogo ya huko haina haja ya kutafuta mbali kitu cha kufundishia. Shida ni maji yenyewe: konokono wa mifereji hueneza kichocho, na watoto hupenda kuingia miguu mitupu.

Kwa hiyo kitalu kifanywe uani, katika sanduku la udongo mweusi. Maji yakikaa ndani ya pipa siku mbili pasipo konokono, vijidudu vya kichocho hufa. Lakini bado si maji ya kunywa. Mbegu hulowekwa siku moja, kisha hufunikwa kwa gunia bichi mpaka zichipue.

Baada ya siku 21 hivi miche huhamishiwa katika jaruba dogo la shule, lililotiwa maji yale yale ya pipa. Hapo aitwe mama mmoja wa kijiji, kwani mkono wake ni mwepesi kuliko wa mwalimu, wala si aibu kukubali hivyo. Watoto wapime sentimita 20 kila upande, wahesabu: mita moja ya mraba yachukua miche 25. Atakayepata 36 amehesabu na mipaka yote. Huyo aonyeshwe kosa lake matopeni, si ubaoni.