Maziwa Hayaoshi Mapafu: Jinsi ya Kupima Habari za Afya Kazini

Katika mabanda ya mbao ya Gikomba, pakiti ya maziwa ni sehemu ya kazi. Fundi akishapiga msasa vitanda na makabati kutwa nzima, hunywa maziwa akiamini kwamba yataosha kifua. Mwenye banda aliyeyanunua naye huona ametimiza wajibu wake. Imani hiyo iko pia kwa wapaka rangi na mafundi wa kuchomelea vyuma.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafiki mapafuni. Kinywaji huenda tumboni. Vumbi hupita njia ya hewa. Chembe kubwa hunaswa puani na kwenye makohozi, zikatoka kwa kupenga na kukohoa. Zile ndogo mno hupenya hadi ndani ya mapafu, na hakuna kinywaji kinachozifuata huko. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linahesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hasara ya habari hii si bei ya maziwa. Hasara ni kwamba fundi anajiona amekingwa, ilhali hajakingwa.

Habari za afya kazini ni nyingi, na baadhi huletwa hadi mlangoni mwa banda. Maswali manne husaidia kuzichuja.

1. Nani anasema, na nani anaweza kumuuliza? Afisa wa afya ya umma au muuguzi wa kituo cha afya ana ofisi na anawajibika kwa anayoyasema. Ujumbe uliosambazwa kwa simu bila jina hauna wa kuulizwa.

2. Anauza nini? Mtu anayepima mwili mzima kwa kifaa cha kushikwa mkononi, kisha akatoa dawa za kusafisha damu za kununua papo hapo, ni mfanyabiashara. Mtoa huduma halali huonyesha leseni yake bila kukasirika.

3. Je, anaanza na chanzo cha hatari? Ushauri mzuri huanza kwa kupunguza vumbi lenyewe: kupigia msasa mahali penye hewa, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, kutopeperusha nguo za kazi ndani ya nyumba. Barakoa hufuata baada ya hapo. Anayeruka hayo yote na kuanza na dawa ameacha hatari palepale ilipokuwa.

4. Je, unafaa kazi hii? Ushauri wa kusimama kila saa ni wa mtu wa ofisini. Haumsaidii msukuma mkokoteni wala mama samaki aliyesimama tangu alfajiri. Vilevile, barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni huzuia vumbi la mbao, lakini haizuii mvuke wa rangi na tina. Leso haitoshi kwa lolote kati ya hayo.

Imani ya maziwa ikipitishwa kwenye maswali haya, inaanguka kwenye la kwanza na la tatu: haijulikani aliyeianzisha, na vumbi linabaki lilivyo.

Habari za kuaminika zipo karibu na hazilipiwi. Vituo vya afya vya umma vya Kamukunji ni mahali pa kuanzia. Wahudumu wa afya ya jamii huwafikia wakazi mitaani, na wanaweza kumwelekeza mtu penye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Kuhusu mahali pa kazi penyewe, ofisi husika ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya wizara ya serikali kuu inayoshughulikia leba.

Kurugenzi hiyo husimamia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo haiishii kwenye viwanda vikubwa. Inahusu kila mahali ambapo watu hufanya kazi, banda la jua kali likiwemo, na hata aliyejiajiri ana wajibu wake. Inamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyakazi habari na mafunzo kuhusu hatari zilizopo, na vifaa vya kujikinga inapohitajika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama na afya inatakiwa kuundwa. Sheria yenyewe husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Mafundi wa banda moja wanaweza kuanza wiki hii kwa robo saa tu kabla ya kazi:

- Kila mmoja ataje jambo moja aliloambiwa kuhusu afya yake kazini.
- Jambo hilo lipitishwe kwenye maswali manne.
- Lililobaki na shaka liandikwe, na mmoja alipeleke kwa muuguzi au afisa wa afya ya umma, kisha arudishe jibu.
- Mwenye banda aulizwe kama fedha za maziwa zinaweza kununua barakoa.

Anayependa maziwa na aendelee kunywa, ila ayanywe kama chakula. Na fundi ambaye tayari anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, au anayetokwa damu puani mara kwa mara, asingoje kikao hicho. Aende kituo cha afya, na amweleze mhudumu kazi anayoifanya na miaka aliyoifanya.